Radi ya Mwalimu wa Kwaya

Neno lenyewe ni reidi. Nimelitamka mbele yake kwa miaka mingi, polepole, nimefungua mdomo kama mtoto anayemwonyesha daktari koo, na miaka yote hiyo Mwalimu wa Kwaya alisema radi. "Fundi, nataka ile radi." Alilisema mara ya kwanza dukani kwangu, Moshi mjini, mbele ya wateja, baada ya kulisikia kwa mwanawe wa Dar es Salaam. Nikamjibu kwamba radi ndiyo inayonipa kazi, maana kila masika inapiga huko kwao Machame na kunishushia kompyuta zilizoungua. Hakucheka. Alivua kofia, akaiweka juu ya printa yangu, akavuta kiti.

"Basi hiyo ya kwenu ni radi ya namna gani?" akauliza.

Nikamwambia ni namna ya kuzifanya diski mbili au zaidi zifanye kazi pamoja ndani ya kompyuta moja, ili moja ikifa kilichohifadhiwa kisife nayo. "Hiyo hiyo," akasema. "Radi."

Namwita Mwalimu wa Kwaya kwa sababu kila mtu alimwita hivyo, wanawe pamoja nao. Darasani hakuwahi kusimama. Alifundisha kwaya ya usharika, watu wazima na watoto, na sidhani kama kuna mtu upande ule wa mlima ambaye hakuwahi kufokewa naye kwa kuanza kuimba kabla ya zamu yake. Mimi ni mtoto wa mjini, wa familia ya Kiislamu ya nyuma ya soko. Baba alikuwa fundi redio, nami nikarithi meza yake na bisibisi zake wakati biashara zilipofunguliwa na kompyuta zilizotumika zikaanza kuingia. Hatukuwa na sababu yoyote ya kujuana, mimi na mzee yule. Tulijuana kwa ajili ya mkanda mmoja wa kaseti.

Enzi za ruksa, vitu viliporudi madukani baada ya miaka ya kutafuta hata sabuni kwa kujuana, alinunua redio kaseti yenye kinasa sauti. Akarekodi kila kilichotoa sauti. Kwaya, harusi, ng'ombe wake, mvua kwenye bati. Na siku moja alimkalisha mkewe sebuleni akamrekodi peke yake, akiimba wimbo wa Kichagga wa kubembelezea watoto aliofundishwa na mama yake. Kila ubeti ukianza, Mwalimu alimpa sauti ya kuanzia, na kwa kuwa alikuwa Mwalimu, kila mara aliipandisha kidogo. Walipofika ubeti wa tatu, mama wa watu akakatika katikati, akaangua kicheko, akasema kwa sauti safi kabisa, "Mwalimu, umenipandisha juu mno, nitapasuka!" Kisha akaendelea mpaka mwisho.

Mama huyo alifariki miaka michache baadaye. Kwenye kanda nyingine zote alikuwa mmoja wa waimbaji, umsikie usimsikie. Sauti yake peke yake ilikuwa pale tu, kwenye mkanda ule, nao ulikuwa umeota ukungu.

Alikataa kuuteremsha mjini. Ilibidi nipande mimi Machame na waya zangu, nikauingize wimbo kwenye kompyuta yake sebuleni. Tuliucheza mara moja. Ulipofika mwisho tu, mkanda ukakatika na kujisokota ndani ya mashine kama utumbo wa kuku. Mimi moyo ulinipasuka. Yeye akautazama, akautazama na ule mstari wa sauti uliochorwa kwenye kioo cha kompyuta, akasema, "Amewahi kupita." Akaenda jikoni kuniletea bakuli la mtori.

Sasa niseme alivyokuwa, maana mtu huyu alikuwa na mambo. Kompyuta yake aliifunika kwa kitambaa cheupe cha kufumwa, na kabla ya kukifunua alinawa mikono. Lakini yeye mwenyewe alivaa koti lilelile mwaka mzima, la mitumba ya soko la Kiboriloni, lenye nembo ya shule ya ng'ambo kifuani. Ukimuuliza anasema ndiyo shule aliyosoma. Umeme hakuuamini hata kidogo. Jioni alizunguka nyumba kuchomoa kila kitu ukutani, na nimemwona kwa macho yangu akiikagua pasi ya mkaa. Daftari lake la nyimbo hakumpa mtu ashike. Lakini kihamba chake, lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, angekugawia lote kama ungekuwa na gari la kubebea. Hakuna aliyetoka pale bila mkungu wa ndizi. Siku ya kwanza nilikataa kwa adabu, nikafikiri yamekwisha, kumbe ulikuwa umeshafungwa kwenye begi la waya zangu.

Na kosa la muziki hakusamehe. Nilipomwonyesha kwamba kompyuta inaweza kukata sauti asiyoitaka, alifurahi kupita kiasi. Alikata kikohozi cha mzee wa kanisa, akakata mlio wa benchi, akakata jogoo aliyewika katikati ya wimbo wa Majilio. Alikata mtoto aliyelia kwenye ubatizo wake mwenyewe, mpaka mama yake akalalamika. Basi nikamuuliza, kwa nia njema kabisa, kama nikate na pale mama anapocheka ili wimbo uende moja kwa moja. Alininyang'anya kipanya. Toka siku hiyo sikuruhusiwa kukaa karibu na faili lile peke yangu, na kwa kweli sikukasirika.

Kwa hiyo alipokuja kutaka radi, nilijua anataka kumlinda nani. Nilizipanga diski juu ya meza nikamweleza kama ninavyowaeleza wateja, kwa mikono.

"Ziko aina kadhaa, Mwalimu. Kuna ya sifuri. Diski mbili zinagawana wimbo, hii inashika neno la kwanza, ile la pili. Inakimbia sana."

"Mmoja akiugua?"

"Wimbo wote umekwenda."

"Hiyo siyo kwaya, huo ni ugomvi. Ondoa."

"Kuna ya tano. Hiyo inataka diski tatu au zaidi. Zinagawana, lakini kila moja inabeba na kitu kidogo cha kuwakumbushia wenzake. Moja ikifa, zilizobaki zinapiga hesabu na kukipata kilichopotea."

Hapo alisimama. "Lakini hiyo naifanya mimi! Tenori asipokuja mazoezini, nikiwasikia soprano na alto na besi, najua angeimba nini!" Akaanza kutuonyesha, akaimba soprano kwa sauti ya pua, akaimba besi mkono ukiwa tumboni, akamwachia nafasi tenori asiyekuwepo, kisha akamwimba na huyo. Mama mmoja aliyekuja kupiga chapa barua ya msiba wa shangazi yake alicheka hadi akasahau tarehe ya mazishi. Ilinibidi nimwambie Mwalimu kwamba kompyuta yake ni ya nyumbani, ubao wake wa ndani hauwezi ya tano, na diski tatu ndani ya kasha lile zingeivishana kwa joto kama ndizi kwenye pipa.

"Wewe chukua ya moja," nikasema. "Diski mbili zinaandika kitu kilekile kwa wakati mmoja. Moja ikifa, nyingine inaendelea kana kwamba hakuna msiba. Wenyewe wanaiita kioo."

"Kioo," akasema, akalipenda neno. "Mama atakaa mbele ya kioo."

"Na pembeni ya hicho kioo uchome CD, uziweke mbali na nyumba."

"Nichome?"

"Kuchoma ni kuandika, Mwalimu. Hakuna moto."

"Sasa nikiwa na kioo, CD za nini?"

"Kioo si akiba."

Lakini kofia ilikuwa imeshapanda kichwani. Na mtu akishavaa kofia, kwa kawaida ya Mwalimu, mazoezi yamekwisha.

Mbaya zaidi, kioo kikampa ushindi. Masika yaliyofuata umeme uliruka kule juu, diski moja ikafa pale pale, na nyingine ikaendelea kuimba. Alishuka mjini na mikungu miwili, akaniingilia dukani akipaza sauti, "Radi imepigwa na radi, fundi, na haikufa!" Nikabadilisha diski iliyokufa. Baada ya hapo ungemshauri nini? Hakushaurika.

CD alichoma, lakini kwa majivuno tu. Watu wetu wa mlimani mnawafahamu. Awe Dar, Mwanza au Arusha, Mchagga ikifika Desemba anapanda kwao, na sikukuu zikiisha anashuka gari limelala kwa uzito wa ndizi. Mwaka ule Mwalimu alimchomekea kila aliyeondoka CD moja katikati ya vichana, wimbo wa mama, zawadi ya Krismasi. Wanawe walipata. Ndugu walipata. Hata shemeji yake wa Mwika, mdogo wa marehemu mkewe, ambaye walikuwa wakitaniana na kununiana tangu ujana, alipata. Mimi niliyemfundisha kuchoma nilipata ndizi tupu. Nilipouliza, alinijibu kwamba CD ni za wasafiri. Nilinuna njia nzima.

Sasa lililotokea lisingetokea kwa watu wengine. Kwa Wachagga, binti wa kwanza wa mtoto wa kiume hupewa jina la bibi yake mzaa baba. Mkewe Mwalimu aliitwa Manka. Na mjukuu aliyekuja kukaa naye ili asome, binti wa mwanawe wa Dar, naye ni Manka. Ndani ya kompyuta kulikuwa na folda ya Manka iliyobeba wimbo, na kwingine kulikuwa na folda ya Manka iliyobeba michezo ya kompyuta na picha za wanamuziki waliovaa vibaya. Ikaja siku, karibu na Majilio, kompyuta ikawa nzito, na Mwalimu akakasirikia ile michezo. Aliandika jina kwenye sehemu ya kutafutia. Ikaja folda moja juu kabisa. Akaifuta bila kuifungua. Kwa kuwa ni msafi, akamwaga na kapu la takataka. Kisha akarekodi mazoezi ya kwaya wiki nzima, mazoezi marefu, kwa furaha ya kupata nafasi.

Aligundua Jumapili, aliponawa mikono na kufunua kitambaa ili amsikilize mama kama desturi yake baada ya ibada.

Nilipofika nilimkuta amekaa barazani na koti lake. Shikamoo yangu hakuiitikia. "Nimemfuta," akasema. "Mimi mwenyewe, kwa mkono huu." Manka mjukuu alikuwa mlangoni analia, na kilichomliza zaidi, maskini, ni kwamba michezo yake yote ilikuwepo.

Nilijaribu kila nilichokijua. Pale wimbo ulipokuwa palikuwa pameandikwa kwaya ya Majilio juu yake, nikipata vipande vya soprano tu. Mwalimu akafungua kasha kwa mkono wake, akaigusa ile diski ya pili.

"Na hii? Si ilikuwa hapa inaangalia?"

"Ulipofuta kule, na hapa pakafutika papo hapo, Mwalimu. Ndiyo kazi yake, kufanya unachofanya."

"Kwa nini haikuuliza?"

"Haijui kuuliza."

Akakirudisha kifuniko cha kasha. Kisha akasema, "Kama besi zangu. Nikipotea, wananifuata wote kwa imani." Akatabasamu kidogo, na lile tabasamu liliniuma kuliko angelia. Ndipo nikakumbuka kinyongo changu, zile ndizi tupu.

"Mwalimu! CD za Krismasi!"

Tukapiga simu. Wote walisema ipo. "Ipo baba, ipo, tunakuja nayo Krismasi." Nani angethubutu kusema vingine? Tukangoja Desemba na nyuso za watu wanaongojea majibu ya mtihani. Mimi nilikaribishwa sikukuu ya pili, na kuku wangu alichinjwa na Mwislamu wa duka la njia panda, Mwalimu mwenyewe akimsimamia.

Kompyuta ikawekwa barazani. Mwana wa Dar akatoa ya kwake. Alikuwa ameitundika kwenye gari ili imeremete, nayo jua lilikuwa limeikausha ikapasuka ganda. Wa Mwanza akaileta yake ikiwa imetobolewa, kwa sababu watoto walikuwa wameifanya gurudumu la gari la kuchezea. Binti wa Arusha alianza kulia kabla hata hajafungua mkoba. Yake ilikuwa imekaa kwenye bustani ya sukuma wiki, inafukuza ndege, na ndege wenyewe, akasema, walikuwa wameizoea. Kila CD niliyoiingiza ilizunguka, ikakwaruza, ikanyamaza. Mwalimu hakumfokea mtu, na wanawe walimwogopa zaidi kwa hilo.

Shemeji wa Mwika akaingia amechelewa, kama kawaida yake, amefunga kitenge kipya. Mwalimu hakumtazama hata. Kila mwaka alikuwa akilalamika kwamba shemeji yule zawadi anazompa hazifungui. Mama yule akafungua mkoba, akafungua leso, akatoa CD ikiwa bado ndani ya mfuko wake, ina utomvu mkavu wa ndizi juu.

"Sina mashine ya kuichezea," akasema. "Nimeiweka kabatini na vikombe vya wageni. Si ulisema ni zawadi? Zawadi haichezewi."

Nikaiingiza. Ikazunguka. Mama akaanza kuimba pale barazani, ubeti wa kwanza, wa pili. Wa tatu ukapanda, ukapanda, na kile kicheko kikatoka, "Mwalimu, umenipandisha juu mno, nitapasuka!" na baraza nzima ikapasuka yenyewe, watu wanacheka na kulia, binti wa Arusha ameniegemea begani, Manka mdogo anarukaruka. Mwalimu alimshika shemeji yake mikono yote miwili. "Ungenisikiliza hata mara moja," akamwambia, "leo ningekuwa sina mke." Shemeji akamjibu kwamba ataendelea kutomsikiliza basi.

Tangu hapo ikawa desturi ya ukoo. Sikukuu ya pili ya Krismasi kila nyumba inarudisha CD yake, inachezwa mbele ya watu mpaka mwisho, na kila anayeondoka anapewa mpya pamoja na mkungu. Ukileta iliyokwaruzwa, unaimba wewe mwenyewe, na Mwalimu anasahihisha. Mabenki huko mijini yanalipa watu wenye tai kufanya jambo lilelile la kukagua akiba, na sidhani kama wanalifanya kwa kicheko. Mimi nilikuwa mkaguzi, na bado nilishuka na ndizi tupu. "Wewe unakaa Moshi," alinieleza. "Ni karibu mno. Mlima huu siku moja ukipasuka tunakwenda wote. Akiba inakaa mbali, si ulinifundisha mwenyewe?" Maneno yalikuwa yangu.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa sikukuu ya namna hiyo. Duka langu lilikuwa limegeuka la simu, na yeye alikuwa hashuki tena mjini. Masikio yalikuwa yamekwisha. Hakusikia mbwa, hakusikia kengele ya kanisa, nilipiga shikamoo mpaka migomba ikaitikia, naye akanisoma midomoni tu. "Marahaba, fundi wangu," akasema kwa sauti kubwa mno. Manka, ambaye sasa alikuwa anafundisha kwaya ya watoto na kuwafokea vile vile, alitaka kuharakisha ukaguzi ili mzee asichoke. Mzee akagoma. Kila CD, mpaka mwisho.

Nilikaa karibu naye nikiona vibaya. Nilidhani ni ukatili, kumwekea mtu wimbo asiousikia. Mama akaanza. Mwalimu alikuwa akitazama ile taa ndogo ya mashine, ilipowaka akainua kidole na kuanza kupiga mapigo, polepole, hakuyumba. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Kwenye wa tatu kidole kikaanza kupanda, kikapanda, kikasimama hewani, na yeye na mkewe wakacheka pamoja, papo kwa papo, kabla hata sisi hatujaanza.

"Juu mno," akasema akijifuta macho. "Nilimpandisha juu mno." Akanigeukia. "Ipo?"

Nikamwitikia kwa kichwa. Alifurahi, akapiga goti lake kofi, akamwambia Manka anifungie ndizi. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti la shule yake ya ng'ambo, akatoa CD moja, akanipa.

Nikamwonyesha kwa mikono, mimi nakaa karibu, mlima ukipasuka je?

"Hii si ya akiba, fundi," akasema. "Hii ni ya kusikiliza."